Pembe ya Lango na Faida ya Pasi
Lango la kandanda lina upana wa mita 7.32. Mshambuliaji aliye mita 11 mbele ya katikati yake huliona kwa pembe ya nyuzi 37 hivi. Akisogea ubavuni mita 11, sambamba na mstari wa lango, pembe hiyo hupungua hadi nyuzi 19. Kwa hiyo winga mwenye busara, hata watazamaji wakimpigia kelele apige, humpa mwenzake wa katikati. Naye mlinda mlango hulazimika kuhama mpira ukiwa njiani. Mazoezini, mpokeaji apige papo hapo: akiutuliza mpira, mlinda mlango hupata muda wa kujipanga upya. Wanafunzi waweza kuhakiki hesabu hii uwanjani kwa kamba mbili na kipimapembe.