Siku tano za steroidi kwa aliyezidiwa na ugonjwa sugu wa mapafu

Ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa huwapata zaidi wavutaji wa tumbaku na waliopikia kuni kwa miaka mingi. Mara nyingi baada ya mafua au maambukizi ya kifua, hali hubadilika: pumzi hubana, kikohozi huzidi, makohozi huongezeka na kugeuka rangi. Hapo ndipo wengi hulazwa.

Wakati huo njia za hewa huwa zimevimba. Dawa za kuvuta hulegeza misuli iliyobana, bali uvimbe hutulizwa na steroidi kama prednisoloni. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, matibabu yalishindikana ndani ya siku 30 kwa 33% ya wagonjwa wasiopewa steroidi, na kwa 23% ya waliopewa. Kuzitumia wiki nane hakukuzidi faida ya wiki mbili.

Je, muda unaweza kufupishwa zaidi? Mwaka 2013 watafiti wa Uswisi walilinganisha siku 5 na siku 14, kwa miligramu 40 kila siku. Katika miezi sita iliyofuata, waliozidiwa tena walikuwa takriban 36% na 37%. Faida ilikuwa ileile, ilhali kundi la siku tano lilitumia chini ya nusu ya dawa.

Kwa hiyo mwongozo wa kawaida leo ni miligramu 40 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 5, asubuhi baada ya kula, kwa siku tano. Mgonjwa anayeweza kumeza hahitaji sindano ya mshipani.

Kwa mhudumu: pima sukari ya damu kila siku, hasa kwa mwenye kisukari, na chunguza makohozi iwapo kuna dalili za kifua kikuu, kwani steroidi hupunguza kinga ya mwili.

Kwa mgonjwa: kozi ya siku tano humalizika bila kupunguza dawa hatua kwa hatua. Lakini aliyeitumia kwa wiki nyingi asiache ghafla bila daktari, kwani mwili huwa umepunguza kutengeneza homoni yake wenyewe. Usijinunulie prednisoloni dukani kila kifua kinapobana. Kozi nyingi hujumlishana: mifupa hudhoofika, sukari hupanda, maambukizi hupata nafasi. Nafuu ya haraka isikufanye uyasahau hayo.