Fedha za Waliojeruhiwa Vitani

Habari ya wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu twaijua tangu katekisimu. Leo yatuhusu sisi wa Beni na Butembo.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliiamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325, kwa sababu ya madhara ya vita vya miaka 1998 hadi 2003. Katika hizo, milioni 225 ni kwa ajili ya watu wenyewe: waliouawa, waliojeruhiwa, waliofukuzwa makwao. Miji yetu hii miwili ilitajwa katika madai ya Kongo.

Serikali iliunda mfuko wa kuwagawia wahanga, uitwao FRIVAO, nao makao yake yaliwekwa Kisangani. Mnamo Septemba 2025 aliyekuwa Waziri wa Sheria alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu chenye kazi ngumu, katika kesi ya ufujaji wa dola milioni 19 za mfuko huo zilizotolewa eti kujenga gereza. Yeye alikana.

Gereza laweza kuwa na kazi yake, lakini halimpi mkongojo mtu aliyekatwa mguu.

Basi mama wa Butembo aliyelemazwa na risasi ana haki ya kuuliza, wala kuuliza si uasi: jina langu limeandikwa katika daftari gani? Nani alilitia sahihi? Kisangani ni mbali. Orodha na ibandikwe mlangoni pa ofisi ya mtaa, watu waisome.