Kabla ya Kununua Spika Mpya, Angalia Waya

Mwezi uliopita nilikuwa nishatenga pesa za spika mpya. Nikiweka taarabu, besi haisikiki. Wimbo umebaki mifupa bila nyama. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Na karo ya mtoto?" Nikarudi kuziangalia nilizonazo.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye waya. Nyekundu ya redio yatakiwa iende kwa nyekundu ya spika, na nyeusi kwa nyeusi, pande zote mbili. Yangu moja ilikuwa imegeuzwa. Hapo spika moja husukuma hewa huku nyengine yaivuta, na sauti nzito za pande mbili huuana. Zima redio kwanza, kisha urekebishe.

Pili ni mahali. Spika ikiwa mbali na ukuta, mdundo hutawanyika. Isogeze karibu, ukuta utaurudisha. Kwenye pembe ya chumba mdundo huzidi zaidi, lakini ukipitiliza sauti huvuma kama pipa. Basi sogeza shibiri kwa shibiri, ukisikiliza wimbo ule ule. Ikiwa ina tundu nyuma, iachie nafasi ya kupumua.

Tatu, sogeza na kiti chako. Kila chumba kina sehemu ambapo besi hufa, mara nyingi katikati.

Sikununua kitu. Karo imelipwa na besi imerudi. Lililobaki ni haki ya jirani: sauti nzito hupenya kuta. Adhana ikiingia, zima. Usiku ukiwa mkubwa, punguza.