Kabla hujalipia Massey kuukuu, ione ikilima

Galoni moja ya rangi nyekundu na nyingine ya kijivu zinatosha kuipunguzia Massey Ferguson 135 miaka 40. Ongeza stika mpya za ubavuni, kiti kipya na tairi zilizopakwa dawa ya kung'arisha, na mashine iliyotoka kiwandani kabla baba yako hajaoa itasimama uani kwa dalali kana kwamba imeshushwa melini jana. "Bosi, hii ilikuwa inavuta tela la maji tu kwa mzee mmoja," atakuambia. Mkulima anazunguka mara mbili, anapiga teke tairi, anasikiliza injini ikiunguruma, kisha anatoa fedha za mavuno ya misimu mitatu.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na trekta kuukuu. Kwa mwenye ekari 20 mpaka 40, Massey 135 iliyo nzima bado naiona ni ununuzi wa akili, mara nyingine kuliko trekta jipya la mkopo ambalo marejesho yake hayasubiri mvua. Mwenye ekari tano aendelee kukodi. Ninachogombana nacho ni namna tunavyoyanunua.

Modeli hii ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1964, ikitengenezwa Banner Lane, mjini Coventry, Uingereza. Ni kiwanda kilekile ambacho kati ya 1946 na 1956 kilitoa zaidi ya Ferguson TE20 laki tano, yale matrekta madogo ya kijivu. Harry Ferguson, mtoto wa mkulima wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyeleta utaratibu wa kufunga jembe nyuma ya trekta kwa pointi tatu na kuliinua kwa haidroliki. Kila plau unaloliona leo likining'inia nyuma ya trekta, liwe la Kihindi, la Kichina au la Kijapani, limefungwa kwa wazo lake. Injini ya 135 ni Perkins ya dizeli, pistoni tatu, lita 2.5, yenye nguvu ya farasi 45 hivi. Haina kompyuta wala sensa. Silivu zikiisha zinatolewa na kuwekwa mpya, na fundi anaweza kuifanyia oveholi chini ya mwembe.

Kilichoifanya isife ni kwamba India na Pakistani ziliendelea kutengeneza Massey za ukoo huu miaka mingi baada ya Waingereza kuiacha, na spea zao ndizo zilizojaa madukani kwetu. Ndiyo maana ukaguzi wa kwanza haufanyiki kwenye trekta. Nenda kwenye duka la spea la mji ulio karibu na shamba lako, uliza klachi pleti, nozeli, sili za ekseli na pampu ya haidroliki ya trekta unalolitaka. Muuzaji akikuuliza, "Unataka ya India au orijino?" endelea na safari. Akikuambia itabidi aagize Dar es Salaam na hajui itafika lini, achana na trekta hilo hata kama linauzwa nusu bei. Matrekta huharibika wakati wa kazi, na kazi ni zile wiki chache za mvua za kwanza.

Nchi hii ilishapata somo hilo kwa gharama kubwa. Mpango wa karanga wa Waingereza pale Kongwa, baada ya Vita Kuu ya Pili, ulianza na mashine zilizotumika: matingatinga na matrekta ya ziada ya jeshi yaliyonunuliwa Ufilipino, na baadaye vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta na kampuni ya Vickers na kubatizwa jina la Shervick. Udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama saruji. Mashine zikavunjika, spea zikawa mbali, mafundi wakawa wachache, na Januari 1951 mpango ukafutwa. Ikiwa serikali yenye hazina na meli ilishindwa kuhudumia mitumba isiyo na spea, mkulima wa Kibaigwa asijaribu.

Sasa nenda kwa muuzaji, na uwe na fundi wako. Usimtumie fundi aliyeletwa na dalali. Kwanza hesabu nozeli. Kuna watu wanauza Massey 35 za zamani kwa jina la 135, kwa kuwa zinafanana sura. Massey 35 za mwanzo zilifungwa injini ya Standard ya pistoni nne, iliyojijengea sifa mbaya ya kukataa kuwaka kukiwa na baridi. Nozeli tatu ni Perkins, nne ni maswali. Kama unaishi Njombe au Mbulu, maswali hayo utayajibu kila alfajiri.

Fika asubuhi bila kupiga simu, kisha weka kiganja kwenye injini kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto, mwambie mzee mwenye mali utarudi kesho, kwa heshima zote. Injini iliyochoka huwaka vizuri ikiwa imeshapashwa. Ugonjwa wake huonekana ikiwa baridi. Ikishawaka, tazama moshi. Mweusi kidogo unapoongeza mafuta si tatizo. Wa bluu usiokoma ni oili inayoungua, maana yake ringi na silivu zimeisha. Mweupe usiokata hata injini ikichemka ni nozeli mbovu au maji yanayoingia ndani. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: pumzi nyepesi inavumilika, lakini ikipuliza moshi kwa nguvu, anza kuhesabu gharama za oveholi na uzitoe kwenye bei. Geji ya saa usiipe hata dakika moja. Kwenye mashine za umri huu nyingi zimekufa, na zilizo hai hujui zilianza kuhesabu lini.

Mafundi wengi huishia kwenye injini, na hapo ndipo wanunuzi wanapoumia. Injini ya Perkins inarekebishika. Sehemu ya nyuma ndiyo inayokula fedha kimyakimya. Kwenye 135 oili ya giaboksi na ya haidroliki ni ileile, na pampu ya haidroliki imezama humo ndani, ikizungushwa na shafti ya PTO, ile inayoendesha zana zinazofungwa nyuma ya trekta. Kuifikia ni kazi ya kufungua mgongo wa trekta. Chomoa kijiti cha kupimia: oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, ambayo mara nyingi hupita kwenye raba zilizochanika chini ya gia. Kisha funga plau zito, liinue juu, zima injini, uendelee na mazungumzo. Likishuka pole pole baada ya muda mrefu, ni uzee wa kawaida. Likitua kabla hujamaliza kusalimia familia, kuna sili au valvu iliyochoka. Rudia jaribio hilo trekta likiwa limefanya kazi saa nzima, kwa sababu oili ikipata moto hulegea, na pampu mbovu hugoma kuinua ikiwa imechemka.

Klachi za Massey 135 nyingi zina hatua mbili. Ukikanyaga nusu, magurudumu yasimame huku PTO ikizunguka. Ukikanyaga mpaka chini, PTO nayo isimame. Usukani ukizunguka robo kabla tairi hazijajibu, boksi la staringi limekwisha. Oili ikivuja kwenye ekseli ya nyuma, ujue inalowesha breki. Na kama kwenye dashibodi kuna mkono mdogo wa Multi-Power, ule wa kubadili mwendo bila kukanyaga klachi, mfundishe dereva wako siku hiyohiyo: ukiwa kwenye "Low", injini haizuii mwendo kwenye mteremko, trekta linaserereka. Kwa barabara za Lushoto au Rungwe, ukiwa na tela la viazi nyuma, usishuke nalo hivyo.

Baada ya hapo, shambani. Peleka trekta kwenye udongo wako, au unaofanana nao, na lilime kwa saa nzima. Massey 135 ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa hiyo kwenye udongo mwepesi itavuta plau la diski tatu, lakini kwenye mbuga nyeusi utaona tairi zikizunguka bure na itabidi utoe diski moja. Kama shamba lako lote ni la namna hiyo, tafuta kubwa zaidi, Massey 165 au Ford 5000. Hesabu yenyewe si ngumu. Diski tatu hukata upana wa sentimita 80 hivi. Kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, ni karibu ekari moja kwa saa kwenye karatasi. Toa muda wa kugeuza, kukwepa visiki na kunywa maji, unabaki na ekari tano au sita kwa siku. Ekari zako 30 zinaisha ndani ya wiki, na siku zinazobaki za msimu ndizo zitakazorudisha fedha yako kwa kulimia majirani. Usipokuwa na majirani wa kuwalimia, fikiria upya ununuzi huu.

Makaratasi nayo. Namba ya chesesi kwenye kibati ilingane na kadi, na jina kwenye kadi liwe la anayekuuzia. Uliza kama trekta lina deni, kwa kuwa mengine yalinunuliwa kwa mkopo na huenda bado ni dhamana. Likiwa mali ya kijiji au chama cha ushirika, taka muhtasari wa kikao kilichoamua kuuza. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Jambo moja ambalo halipunguziwi bei. Uingereza ilianza kudai fremu za kumlinda dereva kwenye matrekta mapya mwaka 1970, kwa hiyo mengi ya umri huu hayana kitu juu ya kichwa cha dereva, na kwa yaliyokuwa nacho, wengine walikikata na kuweka kivuli cha turubai. Tafuta fundi wa kuchomelea anayejua kazi, weka fremu imara. Shafti ya PTO huzunguka mara 540 kwa dakika, mizunguko tisa kila sekunde, na ncha ya kanga au koti ikishikwa hakuna mwenye mkono wa haraka kuishinda. Kifuniko chake kiwepo kabla trekta halijatoka uani.

Na muuzaji akikataa trekta liingie shambani mpaka umlipe, rudi nyumbani na fedha yako. Massey 135 za kuuzwa bado zipo, kuanzia Babati mpaka Mbarali.