Kususia kwa Ajili ya Palestina: Neno, Historia na Mjadala wa Wasanii

Katika darasa moja la Kiswahili huko Magara, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge, tulikuwa tukisoma habari iliyosema kwamba waandishi wamesusia wachapishaji wa Israeli. Mwanafunzi mmoja ambaye jioni hupiga ngoma katika kikundi cha vijana alinyosha mkono akauliza: "Mwalimu, wimbo una kosa gani hata ususiwe?" Swali hilo halijibiki kwa sentensi moja. Makala haya yanadhamiria kulijibu kwa kuanza na neno lenyewe, kisha historia yake katika Afrika Mashariki, na mwisho mjadala wa sasa.

Neno lenyewe

Kitenzi -susa hueleza kukataa kitu kwa kuudhika. Mtoto aliyeonewa husukuma sahani pembeni, amesusa. Tukikinyambua katika kauli ya kutendea tunapata -susia, na hapo kitenzi hudai yambwa: kususia mkutano, kususia bidhaa, kumsusia mtu. Wanawake sokoni wakigundua kwamba muuzaji fulani wa ndagala anapunja kipimo, wakapatana wasinunue kwake mpaka ajirekebishe, hapo wamemsusia. Katika mfano huu mna mambo matatu: mapatano, sababu inayotangazwa, na sharti la kumaliza. Mtu asiyekwenda sokoni kwa sababu amechoka hajasusia chochote.

Wanafunzi wetu wa Burundi hulijua zaidi neno la Kifaransa, ambalo limetokana na jina la mtu. Kapteni Charles Boycott alikuwa msimamizi wa mashamba huko Mayo, Ireland. Mwaka 1880 wakulima waliokuwa wakitishiwa kufukuzwa walikataa kumfanyia kazi, kumuuzia vitu na hata kumsalimu.

Ni vizuri pia kulitenganisha neno hili na jirani zake. Mgomo kwa kawaida ni wa wafanyakazi wanaoacha kazi. Vikwazo huwekwa na serikali au jumuiya ya mataifa. Marufuku hutoka kwa mwenye mamlaka, naye huwakataza wengine. Mwaka 1973 Burundi na Tanzania zilivunja uhusiano wa kibalozi na Israeli, zikaurejesha katika miaka ya 1990. Ule ulikuwa uamuzi wa dola. Anayesusia hana mamlaka ya kumzuia mtu mwingine. Alicho nacho ni kushiriki kwake tu, na hicho ndicho anachokizuia.

Chimbuko la karibu nasi

Ususiaji wa utamaduni haukuanza na suala la Palestina, na Afrika Mashariki ina nafasi yake katika historia hiyo. Tarehe 26 Juni 1959, Julius Nyerere na Padre Trevor Huddleston walihutubia mkutano jijini London uliowataka Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini. Mwaka uliofuata harakati hiyo iligeuka kuwa chama cha kupinga ubaguzi wa rangi nchini Uingereza, naye Huddleston akawa Askofu wa Masasi, kusini mwa Tanganyika.

Kutoka kwenye matunda madukani, wito ulifika kwenye michezo na sanaa. Mwaka 1968 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zote zisimamishe mahusiano ya utamaduni, elimu na michezo na utawala wa Afrika Kusini. Mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwamo, zilijitoa katika Olimpiki ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini, iliruhusiwa kushiriki. Filbert Bayi, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, hakukimbia. Dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, mtu ambaye Bayi alimshinda siku alipoweka rekodi hiyo.

Mwimbaji Miriam Makeba, ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa "Malaika", alitoa ushahidi Umoja wa Mataifa mwaka 1963, na nyimbo zake zikapigwa marufuku kwao. Lakini mwaka 1987 yeye na Hugh Masekela, wote wakiwa uhamishoni, waliungana na Paul Simon katika ziara ya "Graceland", albamu ambayo sehemu yake ilirekodiwa Johannesburg mwaka 1985. Wanamuziki wengine walisimama nje ya ukumbi wa Royal Albert Hall, London, kupinga onyesho hilo. Basi hata waliokuwa upande mmoja hawakukubaliana mpaka uko wapi.

Wito wa Wapalestina

Mwaka 2004 wanazuoni na wasanii wa Palestina walianzisha kampeni ya kususia taasisi za elimu na utamaduni za Israeli. Tarehe 9 Julai 2005 vyama zaidi ya 170 vya Wapalestina vilitoa wito mpana zaidi wenye madai matatu: kukomeshwa kwa ukaliaji wa ardhi, usawa kamili kwa raia Wapalestina walio ndani ya Israeli, na haki ya wakimbizi kurejea. Mfano walioutaja ni ule wa Afrika Kusini.

Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023, lililoua watu wapatao 1,200 nchini Israeli, na vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina huko Gaza, wito huo ulipata waitikiaji wengi. Oktoba 2024 maelfu ya waandishi, wakiwamo Arundhati Roy na Sally Rooney, walitangaza kwamba hawatafanya kazi na taasisi za uchapishaji za Israeli zinazoshiriki katika kuwakandamiza Wapalestina au zinazonyamaza. Desemba 2025 mashirika ya utangazaji ya Hispania, Ireland, Uholanzi na Slovenia yalijitoa katika shindano la nyimbo la Eurovision la 2026 baada ya Israeli kuruhusiwa kushiriki.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono wanasema kwamba jukwaa linalolipiwa na dola huipamba dola hiyo, na kwamba waliodhulumiwa ndio walioomba. Wanaopinga wanasema sanaa ni daraja, kwamba ususiaji huwanyamazisha pia Waisraeli wanaoipinga serikali yao, na wengine huona ndani yake chuki dhidi ya Wayahudi. Zaidi ya watu 1,000 wa fasihi na burudani walitia saini barua ya kuupinga wito wa 2024. Mwaka 2019 Bunge la Ujerumani lilipitisha azimio lililoihukumu harakati hiyo kuwa ya chuki dhidi ya Wayahudi.

Waanzilishi hujibu kwamba wanaolengwa ni taasisi, si mtu kwa asili au dini yake. Kwetu sisi walimu wa lugha, mfano wa Rooney una mafunzo. Mwaka 2021 alikataa riwaya yake itafsiriwe na mchapishaji mmoja wa Israeli, lakini akaeleza kwamba Kiebrania chenyewe hakikikatai. Vichwa vingi vya habari viliandika kwamba amekataa lugha. Tofauti kati ya kumsusia mchapishaji na kuisusia lugha ni ya yambwa moja tu, na yambwa hiyo ilipopotea, maana yote ilipotea.

Kumjibu mwanafunzi

Nilimjibu kwamba wimbo hauna kosa; kinachosusiwa ni jukwaa na mwenye jukwaa. Hakuridhika. Akasema: "Sisi tukialikwa ng'ambo mara moja, hatualikwi tena. Nani atatulipa tukikataa?" Hapo alikuwa amegusa jambo ambalo kamusi haisemi. Anayesusia hutoa kitu chake, na wote hawatoi sawasawa. Bayi alipoteza mbio alizojiandalia kwa miaka. Ndiyo sababu ususiaji hauna budi kuwa wa hiari. Ukilazimishwa unakuwa marufuku, na neno jingine linahitajika.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tunga sentensi tatu kuonyesha tofauti kati ya -susa, -susia na -gomea.
2. Je, kikundi cha ngoma kinachokataa mwaliko bila kutoa sababu kimesusia? Eleza.
3. Tafuta kichwa cha habari chenye neno "wasusia". Yambwa yake ni taasisi, mtu, lugha au taifa? Je, habari yenyewe inasema hivyo hivyo?