River Road: Barabara ya muziki iliyokuwa mbali na Garissa

HISTORIA ya muziki wa Kenya haiandikiki bila River Road, Nairobi. Katika miaka ya 1960 na 1970, wanamuziki walioshuka mabasini humo walipata maduka ya santuri na watu wa kugharamia kurekodi. Benga ya Waluo na nyimbo za Wakikuyu na Wakamba zilisambazwa nchini kutoka hapo. Joseph Kamaru, aliyefariki 2018, alikuwa mwimbaji na pia mfanyabiashara wa santuri.

Nyimbo za Kisomali hazikuwa na nafasi kubwa katika biashara hiyo. Garissa ni mwendo wa kilomita 370 hivi, lakini umbali haukuwa kizuizi pekee. Baada ya vita vya Shifta (1963-1967), Kaskazini Mashariki iliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari hadi 1991. Huko wapenzi wa muziki walitegemea redio na kanda kutoka Somalia.

Mwaka huo huo wa 1991 serikali ya Somalia iliporomoka, na soko la kanda hizo likashamiri Eastleigh. Baadaye Gargar, kundi la wanawake wa Garissa, lilirekodiwa na Ketebul Music ya Nairobi. River Road haikuhusika.

Wakati huo barabara yenyewe ilikuwa imechoka. Kanda, rahisi kunakiliwa, iliiua santuri. Simu ikaimaliza kanda. Leo nguo na vifaa vya umeme vimetwaa nafasi ya santuri, na mabasi bado yapo.