Kuharakisha simu kuukuu: kasi ipi inahimilika?

Mwenye simu kuukuu ya Android huko Jinja au Mbale, mashariki mwa Uganda, anaweza kushawishika kuongeza kasi ya prosesa kupita kiwango cha kiwandani. Gharama huanza mapema: kinga za mfumo zikiondolewa, baadhi ya programu za benki hukataa kufunguka.

Kasi hupandishwa kidogo kidogo, kisha simu hupewa kazi nzito kwa saa kadhaa; ikiganda au kujizima, mtu hurudi hatua moja nyuma. Kuongeza volti husaidia, lakini ikipanda asilimia 10, umeme unaotumiwa na prosesa hupanda takriban asilimia 21, na simu nyingi hazina feni. Kasi iliyotulia Mbale usiku huenda isihimili mchana wa Jinja, simu ikiwa juani na kwenye chaja. Hadi ijaribiwe hivyo, isiwekwe ijirejeshe yenyewe kila simu inapowashwa.